Kuteleza si Kuanguka

Ipo methali moja ambayo kwa muda mrefu nimekuwa na ugomvi nayo, nayo ni ile isemayo "samaki mkunje angali mbichi". Sisemi kuwa ni ya uongo. Ni kweli kwa samaki, na kwa kiasi fulani ni kweli kwa mtoto. Na mimi niliyekaa darasani na katika ofisi ya shule kwa miaka arobaini kasoro mmoja sina haja ya kuibishia hapo. Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Watu wameigeuza kuwa hukumu. Wakimwona mtu wa miaka hamsini au sitini ameshika kitu asichokijua, humwambia kuwa samaki amekwisha kukauka, na ukimkunja atavunjika. Basi mtu huyo hukiweka kitu chini, akarudi kitini, na jamii nzima ikamsifu kwa kujiheshimu.

Insha hii inaipinga sifa hiyo. Nitaipinga kwa mfano ambao najua utawachekesha baadhi ya wasomaji: mchezo wa kuteleza kwa sanaa juu ya barafu. Nilianza kujifunza mchezo huo mwaka 2018, nikiwa na umri wa miaka 67, katika mji wa Ottawa nchini Kanada, ambako hukaa sehemu kubwa ya mwaka kwa binti yangu. Chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Kwa msomaji ambaye barafu kwake ni ile ya kupozea samaki na soda, hapana budi nieleze kidogo. Kiatu cha mchezo huu kina bapa la chuma chini yake, unene wake ni kama milimita nne. Bapa hilo limechongwa kibonde katikati, urefu wake wote, likaacha kingo mbili, wa ndani na wa nje. Mtelezaji stadi hasimami juu ya bapa zima. Husimama juu ya ukingo mmoja, na akiuinamia, njia yake hupinda kama baiskeli inavyopinda mwendeshaji akilalia upande. Mbele ya bapa kuna meno kama ya msumeno, ya kumsaidia mtu kuruka na kuzunguka kama pia. Kwa mwanafunzi mpya meno hayo ni balaa: ukiegemea mbele yanaikamata barafu, miguu inabaki, na mwili unaendelea na safari.

Zamani mchezo huu ulikuwa kazi ya kuandika. Washindani walichora juu ya barafu tarakimu nane na maumbo mengine yaliyokubaliwa, wakiwa juu ya mguu mmoja. Kisha wakarudia juu ya mchoro uleule, na waamuzi wakainama kukagua kama mistari imelingana. Beatrix Schuba wa Austria alipata dhahabu ya Olimpiki huko Sapporo mwaka 1972 kwa nguvu ya michoro yake. Baada ya mwaka 1990 michoro hiyo iliondolewa katika mashindano makubwa ya kimataifa, ikabaki miruko na mizunguko ambayo watu huiona kwenye televisheni. Lakini wapo watu wazima, ambao magoti yao hayana hamu ya kuruka, waliobaki na nane yao. Mimi ni mmoja wao. Nilifundisha mwandiko maisha yangu yote. Sikutarajia kwamba uzeeni ningerudi kuandika herufi kubwa kwa miguu.

Sasa tuje kwenye hoja za wapinzani wangu, nazo si chache.

Hoja ya kwanza ni hiyo ya samaki: kwamba mtu mzima hajifunzi. Hii naijibu kwa ushahidi wa macho yangu. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa mwaka huo ungekuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 ikafuata kampeni ya kufuta ujinga katika wilaya sita, na baadaye nchi nzima. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni nikafundisha wazazi na babu zao. Niliwaona wanawake waliolea watoto tisa wakitokwa na jasho kwa kuandika herufi moja. Niliona mikono iliyozoea jembe ikivunja chaki kila dakika. Mzee mmoja alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza alilitazama, akalifuta kwa kiganja, akaliandika tena ili ahakikishe kuwa ile ya kwanza haikuwa bahati. Je, huyo alikuwa samaki mkavu? Tena tusisahau kwamba samaki anayesemwa na methali hiyo ni samaki aliyekwisha kufa. Yeye ana udhuru.

Katika mchezo wa barafu wenyewe ushahidi upo. Ludmila Belousova na Oleg Protopopov wa Urusi ya Kisovieti walianza mchezo huu wakiwa na miaka kumi na sita na kumi na mitano, umri ambao kwa mchezo unaoanzwa utotoni huhesabiwa kuwa jua limekwisha kuchwa. Walipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1964 na tena mwaka 1968, na walikuwa bado wakiteleza mbele ya watazamaji baada ya kupita miaka sabini. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu limekuwa na mashindano ya watu wazima huko Oberstdorf, Ujerumani, tangu mwaka 2005, nayo yako wazi kwa mtu aliyefikisha miaka 28. Naam, 28! Katika mchezo huu mtu huwa mzee kabla ya kupata mvi. Sisi wengine tumechelewa mara mbili na nusu, na bado tunajifunza. Kwa miaka yangu hii ninakwenda mbele na nyuma, ninageuka juu ya mguu mmoja bila kusimama, ninazunguka mara mbili kabla ya kupepesuka, na ninaandika nane ambayo mkaguzi mwenye huruma angeipa alama ya wastani.

Hoja ya pili ni aibu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenzangu, alinipigia simu kutoka Moshi. "Mwalimu, nasikia unavaa visu miguuni na kucheza na watoto. Je, wanafunzi wako wa zamani wakisikia?" Nikamwambia wasikie, tena wahadithiane. Wanafunzi wangu waliniona miaka yote nikijua. Mwalimu mkuu ni mtu aliyelaaniwa kujua. Hata asipojua, hukunja uso mpaka aonekane anajua. Sasa nasimama katika mstari pamoja na vijana wa miaka thelathini, na mwalimu wangu ni binti anayelingana na wajukuu wangu. Ananishika viwiko na kuniambia nipinde magoti. Nikidhani nimeyapinda, anasema bado. Heshima gani imepotea hapo? Heshima inayoweza kuondolewa na binti mmoja mpole na kipande cha barafu haikuwa na mizizi.

Na somo lenyewe la kwanza, msomaji wangu, lilinishangaza. Kabla ya kufundishwa kutembea tulifundishwa kuanguka. Punguza urefu kwa kupinda magoti. Angukia upande, juu ya nyama ya paja, wala si kwa mgongo. Bana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge. Kusanya mikono na ukunje vidole, visije vikapitiwa na bapa la mwenzio. Kisha kuinuka: geuka upande, piga magoti, simamisha mguu mmoja, weka mikono juu ya goti, nyanyuka. Tukarudia mara kumi. Katika shule zetu sijui somo hata moja linaloanza kwa kumfundisha mtoto namna ya kukosea na kuinuka. Tunaanza na jibu sahihi, na anayeanguka anachekwa. Kisha tunashangaa kwa nini watoto hao wakikua hawathubutu kuanza jambo jipya.

Hoja ya tatu ni hatari, na hii siwezi kuipuuza, kwa sababu mwenye kuisema ni binti yangu mwenyewe, tena anaisema kwa machozi. Sitaficha hesabu. Nimepata vilia vya damu kwenye nyonga vyenye rangi zote za kanga. Nimechubuka viwiko. Nimekaa wiki mbili nikishuka ngazi kwa upande kama kaa. Mwezi wa Februari mwaka 2022 kijana mmoja alikatisha mbele yangu ghafla, nikaanguka, na kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika. Nikafungwa plasta ngumu kwa wiki sita. Jioni ile binti yangu alivichukua viatu vyangu akavificha. Akaniambia, "Baba, nakuomba. Mifupa yako si ya kijana. Ukivunjika nyonga hapa nitawaambia nini ndugu zangu nyumbani?" Kweli ndugu zake walipiga simu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akianza kwa shikamoo na kumalizia kwa amri.

Niliwasikiliza wote. Kisha niliwakumbusha habari za shangazi yao.

Dada yangu mkubwa alikuwa mkulima wa kahawa na migomba katika miteremko ya Kilimanjaro. Alipanda na kushuka miteremko hiyo akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani mpaka alipopita miaka sabini. Wanawe walipopata uwezo walimfanyia heshima. Walimjengea nyumba ya kisasa yenye sakafu ya vigae, wakamwajiria msichana wa kazi, wakamnyang'anya jembe na mundu. Maji akaletewa, chakula akaletewa, kiti kikawekwa barazani. "Mama, umechoka, sasa pumzika." Alipumzika miaka minne. Katika miaka hiyo miguu yake ilikwisha. Mwanamke aliyepanda mlima na mzigo akawa anashika ukuta kwenda chooni. Asubuhi moja msichana alikuwa amepiga deki, dada yangu akateleza juu ya vigae, akavunjika nyonga, na miezi saba baadaye tulimzika. Aliteleza bila barafu. Hakuwa na mchezo wowote. Alikuwa ameketi kwa usalama, kama wote mnavyotaka mimi niketi.

Sisemi haya ili kuwalaumu wanawe, ambao walimpenda na waliokwisha kulia ya kutosha. Nayasema kwa sababu kosa hilo linafanyika katika nyumba nyingi kwa jina la upendo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kupunguza kuanguka. Halikutaja barafu, wala mimi sitalisingizia. Mtu mwenye mifupa dhaifu amwone daktari kwanza, na akikatazwa atii. Mimi nilipimwa mifupa, nikaruhusiwa. Nikanunua kofia ngumu, kinga za magoti na za mikono. Sasa naingia uwanjani saa za asubuhi kabla ya vijana kuamka. Hizo ni busara, na nazikubali. Nisichokubali ni ile busara ya kiti. Kiti nacho kinaua, ila kinaua polepole, ndiyo maana hakishtakiwi.

Binti yangu hakusema kitu. Wiki ya pili baada ya plasta kufunguliwa nilivikuta viatu vyangu mlangoni, na bapa zake zimenolewa. Bado hapendi. Kila ninapotoka huniuliza kama simu iko mfukoni. Lakini ananiacha niende, na mimi naihesabu hiyo kuwa heshima kubwa kuliko kiti chochote.

Hoja ya nne husemwa na wale wenye akili ya biashara: kuna faida gani? Nilipokaribia kustaafu, mwaka 2011, tuliitwa kwenye semina. Kwa siku mbili tulifundishwa kufuga kuku, kujenga nyumba ya kupangisha, kuwaepuka matapeli wanaonusa mafao, na kupima shinikizo la damu. Yote ni mema. Lakini hakuna aliyetuuliza: utajifunza nini? Kitakufurahisha nini? Ilichukuliwa kuwa aliyestaafu ni mfuko wa fedha unaovuja, na kazi iliyobaki ni kuziba matundu. Hata katika kampeni ile ya miaka ya sabini tulikuwa na neno tulilolipenda, "kisomo chenye manufaa", yaani kusoma ili ulime vizuri pamba na kahawa, ujue usafi, uhesabu fedha zako. Lilikuwa neno jema kwa nchi maskini, nami nililifundisha kwa moyo wangu wote. Lakini mzee yule aliyelifuta jina lake akaliandika tena, alikuwa akitafuta manufaa gani saa ile? Hakuna aliyemlipa. Alikuwa akicheka peke yake. Furaha ya kuweza leo jambo ulilolishindwa jana haimo katika mtaala wowote, nayo ndiyo injini ya mitaala yote.

Nitajaribu kuieleza furaha hiyo. Asubuhi, mashine ikishapita na kumwaga maji ya moto, barafu huwa nyeusi na safi kama ubao uliofutwa. Unasukuma kwa mguu mmoja na kuinua mwingine. Unainamia ukingo wa nje, jambo ambalo mwili wote unalikataa, kwa kuwa unahisi unaanguka. Lakini ukivumilia nusu sekunde, ukingo unashika, na duara linaanza kujichora lenyewe. Hupigi hatua, hutumii nguvu, na bado unakwenda. Sikio linasikia mlio mwembamba, kama wa kitambaa kipya kinachochanwa taratibu. Unarudi ulipoanzia, unabadilisha mguu, unachora duara la pili. Kisha unasimama na kutazama nyuma, na pale chini ipo nane yako, imepinda upande mmoja, lakini ni yako. Kwa umri wangu, vitu vinavyonitii ni vichache sana. Mstari ule ulinitii.

Mjini hapa kuna pia mfereji wa Rideau, ambao majira ya baridi ukiganda hufunguliwa kuwa njia ya kutelezea yenye urefu wa kilomita 7.8, bila kiingilio. Ulianza kutumika hivyo Januari 1971, wafanyakazi walipotumwa na mafagio na makoleo kusafisha kipande kidogo cha barafu. Napenda kufikiri kwamba miezi ile ile ambayo sisi tulikuwa tukiwashikisha watu wazima chaki, wenzetu huku walikuwa wakiwafagilia watu wazima barafu. Kwenye mfereji huo nimewapita, na zaidi nimepitwa na, watumishi wa serikali wenye mikoba, akina mama wanaosukuma vigari vya watoto, na vikongwe wawili wanaoshikana mikono. Hakuna anayewauliza faida.

Hoja ya mwisho ni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Hata mpira wa miguu tuliletewa na meli, na sasa ukipiga filimbi mtaani hapabaki mtu ndani. Mabel Fairbanks, Mmarekani mweusi, alizuiwa mlangoni mwa uwanja wa barafu New York miaka ya 1930 kwa sababu ya rangi yake. Hakuacha, na akaja kuwa mwalimu wa wengi, na mwaka 1997 jina lake likaingizwa katika orodha ya mashujaa wa mchezo huu nchini kwake. Debi Thomas alipata medali ya shaba ya Olimpiki mwaka 1988, mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi. Nairobi nako ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, ndani ya hoteli, kwenye joto la Barabara ya Mombasa. Waliofungiwa mlango waliupigania uingiliwe. Sisi tuliofunguliwa tujifungie wenyewe?

Sikuandika haya ili wazee wa Tanga na Songea watafute barafu. Barafu ni yangu; kila mtu atafute yake. Kuna asiyejua kuogelea naye amezaliwa hatua mia kutoka baharini. Kuna mama aliyetamani kupiga kinanda cha kanisani tangu akiwa msichana, na kuna babu anayewaonea wivu wajukuu wake baiskeli. Chagueni kitu kimoja msichokijua kabisa, kisicho na mradi wala cheti, mkubali kuwa wa mwisho darasani. Mtaumia kidogo, na michubuko hupona.

Nanyi watoto wetu, tunawashukuru kwa viti, na kwa vigae, na kwa simu za kila Jumapili. Lakini mtu akiwa angali hai msimnyang'anye vyote vinavyoweza kumwangusha, maana mara nyingi ndivyo hivyo hivyo vinavyomsimamisha. Mnunulieni kofia ngumu, mpelekeni kwa daktari, kisha mnoleeni viatu vyake.